Duara Kichwani mwa Wifi

Miaka ile wanunuzi binafsi walipoingia kwenye pamba, Bariadi ilibadilika haraka kuliko tulivyozoea. Msimu mmoja kulikuwa na ushirika peke yake na foleni yake ya kungoja malipo, msimu uliofuata malori ya watu tusiowajua yalikuwa yanakwenda mpaka Nkoma kumfuata mkulima nyumbani kwake. Mume wangu alipata kazi ya kupima pamba kwa mmoja wa wanunuzi hao. Mimi nikafungua saluni.

Ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge, karibu na stendi. Kazi nilijifunza Mwanza nilipokaa kwa mama mdogo, na nilirudi na makopo ya dawa ya kulainisha nywele, rola, na draya ambayo iliwaka pale tu jenereta ya mwenye duka ilipokuwa inaunguruma. Kabla ya hapo wanawake wa kwetu walisuka mabutu, au walichoma nywele kwa kitana cha moto kilichopashwa kwenye jiko la mkaa. Sasa kila mtu alitaka dawa, au kalikiti, zile nywele za mawimbi zilizochuruzika mafuta mpaka kwenye kola. Walimu walikuja, manesi walikuja, na baada ya mauzo ya pamba walikuja hata akina mama wa vijijini waliotaka kuona tu, wakakaa kwenye benchi wakicheka kila nilipomfunika mteja draya kichwani.

Wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, alikuwa anaishi Dutwa na mama yake. Alikuwa ameposwa na mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa Zagayu. Ng'ombe wa mahari walishaletwa, na ndoa ilikuwa ifungwe kanisani baada ya mavuno. Akaja nimwekee dawa mapema, ili siku ya harusi nywele ziwe zimezoea.

Nilimhudumia kama mteja mwingine yeyote. Nilimuuliza kama amejikuna kichwa siku hiyo, maana dawa ikikuta ngozi iliyokwaruzwa inachoma. Akasema hapana. Nilimpaka mafuta pembeni mwa paji la uso na nyuma ya masikio. Aliposema kisogoni kunaanza kupata joto, nilimuosha palepale. Hakutoka hata lengelenge. Aliondoka akitingisha kichwa, na kwenye kioo cha dirisha la duka alisimama kujitazama mpaka mwenye duka akamtania kwamba atamlipisha kioo.

Wiki kadhaa baadaye alirudi akiwa amejifunga kanga kichwani, na nyuma yake mama mkwe wangu. Nilipiga goti, nikasema shikamoo mama. Hakuitikia. Nilikuwa na mteja mwenye rola kichwani, mwalimu wa sekondari, naye akaacha kusoma gazeti lake.

"Fungua," mama mkwe alimwambia binti yake. "Aone kazi yake."

Wifi akafungua kanga. Upande wa kulia, juu kidogo ya sikio, palikuwa na duara tupu, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda. Kando yake nywele zilikuwa nyingi kama siku niliyomhudumia. Nikamsogeza dirishani penye mwanga. Nilitegemea kuona kigaga, au ngozi iliyobadilika rangi, au vishina vya nywele zilizokatika. Sikuona hata kimoja. Ngozi ilikuwa laini kama kiganja cha mtoto, ungedhani hapajawahi kuota kitu.

"Panauma?" nilimuuliza.

"Hapaumi, wifi. Wala hapawashi. Nilikuwa najipaka mafuta, kidole kikateleza."

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, dawa haiunguzi namna hii. Dawa ikiunguza inaacha kidonda. Na ingemuunguza siku ileile, si baada ya wiki zote hizi."

"Nani aliyeweka dawa kwenye kichwa hiki? Jirani?"

Mteja wangu aliniomba nimtoe rola kabla nywele hazijakauka, aondoke.

Naomba nieleweke. Nilikuwa nimeona vichwa vilivyoungua. Mwanza nilimwona mwanafunzi mwenzangu akimsahau mteja na dawa kichwani, na nilikaa na yule mama nikimbandua vigaga kwa maji ya uvuguvugu. Nilizijua nywele zilizokatika kwa dawa: zinabaki nusu nusu, kavu kama mabua. Nilijua pia nywele zinazonyofoka kwa kusukwa kwa kubana. Hizo zinaanzia kwenye paji la uso na pembeni. Hili duara sikulijua. Lakini kutolijua si sawa na kulisababisha, na hicho ndicho nilichoshindwa kumweleza mtu yeyote.

Mume wangu nilimweleza akiwa anakula. Alisikiliza, akamega tonge, akasema, "Mwombe mama msamaha yaishe."

"Nimwombe msamaha wa nini?"

"Wa chochote. Ukishasema umekosea, mama hana tena la kusema."

"Nikisema nimekosea nitakuwa nimekubali kwamba ninaunguza watu. Nani atanipa kichwa chake tena?"

"Basi usiombe," alisema, akaendelea kula. Ilinichukua miaka kuzoea namna yake ya kukubaliana na kila mtu.

Nilimpeleka wifi kituo cha afya mwenyewe. Benchi lilikuwa limejaa akina mama wenye watoto wa homa, na tabibu alikuwa peke yake. Alimtazama wifi kichwa akiwa bado anaandika ya mgonjwa aliyetangulia. "Mapunye," akasema. Akaandika vidonge na dawa ya kupaka.

Nilijaribu. "Daktari, mapunye si yanakuwa na magamba? Hapa pasafi. Wala hajikuni."

"Mama, watoto wa wilaya nzima wana mapunye. Anyolewe, apake asubuhi na jioni."

Sikubishana zaidi, na sababu ni kwamba nilitaka sana iwe mapunye. Mapunye yangeniondolea kesi. Vidonge havikuwepo kituoni, lakini maduka binafsi ya dawa yalikuwa yameota kila kona miaka ile, na la kwanza tuliloingia walikuwa navyo, pamoja na sabuni waliyosema inaua kila mdudu na krimu yenye picha ya mwanamke mwenye nywele mpaka kiunoni. Wifi alivitaka vyote. Tulinunua vyote.

Nilimnyoa kwa mikono yangu, pale saluni, mlango umefungwa. Nywele zilipotoka yakaonekana maduara mengine mawili, moja kisogoni na moja katikati ya utosi. Wifi aliyagusa kwa vidole, moja baada ya jingine, akauliza, "Yako mangapi, wifi?"

Alimeza vidonge vyote. Alioga ile sabuni mpaka ngozi ikapauka. Kisha nyusi ya kushoto ikaanza kupukutika, kuanzia upande wa nje.

Mtanisamehe, nilifurahi. Si kwa ajili yake, bali kwa sababu nilipanda basi la Dutwa siku ileile nikiwa na hoja. Nilimkuta mama mkwe anaanika michembe juu ya jiwe. Nilimsalimia, nikamwambia, "Mama, nyusi nazo niliziwekea dawa?"

Aliendelea kutandaza vipande vya viazi kimoja kimoja. Nilidhani nimeshinda.

Kumbe nilikuwa nimemfungulia mlango mwingine. Kwetu mzee yeyote anajua ni ugonjwa gani unaokula nyusi. Niliporudi tena Dutwa, wifi alikuwa na sahani yake na kikombe chake, na shangazi wa ukoo alikuwa ameacha kukaa naye mkeka mmoja. Neno ukoma halikutamkwa, lakini watu walimtazama vidole kila alipopokea kitu. Mjini Bariadi walikuwa na neno lao jingine, maana miaka ile mtu akipungua nywele au uzito ilitosha kumzika angali hai. "Ugonjwa wa siku hizi," walisema, na macho yao yakaenda Zagayu, kwa yule mwalimu maskini. Mshenga akatumwa kuuliza kama kuna jambo ambalo upande wa mwanamume wanapaswa kujua. Mama mkwe akamjibu kwamba binti amepata mafua.

Kisha akampeleka kwa mganga.

Sikuambiwa. Nilijua kwa wateja. Alikuja mama mmoja wa sokoni, mteja wangu wa siku nyingi. Nilipomaliza kumpunguza ncha, aliinama mwenyewe akaokota nywele zake sakafuni na kuzitia kwenye mfuko wa rambo. Nikacheka nikidhani ni mzaha.

"Si kwa ubaya, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma bila kunitazama. "Watu wanasema tu."

"Wanasema nini?"

Ikabidi aniambie. Mganga alikuwa amesema kwamba nywele za binti zimechukuliwa na mtu wa karibu, mtu ambaye anazishika bila kuomba. Hakutaja jina, hakuwa na haja ya kutaja. Nani Bariadi nzima anafagia nywele za watu kila jioni?

Wasioijua Usukuma ya miaka ile wanaweza kuona hili ni la kuchekesha. Halikuwa la kuchekesha. Wanawake walikuwa wanauawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa maneno mepesi kuliko hayo. Mume wangu, ambaye hajawahi kushika msimamo kwa lolote, safari hii alisema moja kwa moja: "Funga hiyo saluni kwanza." Nilikataa. Nilimwambia nikifunga nitakuwa nimekiri. Nikafungua kila siku nikakaa kwenye kiti cha wateja, kwa sababu hakikuwa na mtu mwingine wa kukikalia, nikichana nywele zangu mwenyewe na kuzifunga tena. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Na mganga, na tabibu, na mwenye duka la krimu, na mume wangu. Hata na wifi nilikuwa na hasira, kwa kunyamaza kwake, kwa namna alivyoacha watu wamtangaze huku amekaa jikoni na kanga yake.

Aliyetutoa hapo ni nesi mmoja, kati ya wateja wachache ambao hawakuniacha. Alisema kuna mtaalamu wa ngozi kutoka nje ya wilaya atafika hospitali ya misheni kwa kliniki ya wagonjwa wa ukoma, na mtu mwenye tatizo lolote la ngozi anaweza kuonwa.

"Siendi kukaa kwenye lile benchi," wifi alisema nilipomweleza. "Watu wakiniona pale, imekwisha."

"Imekwisha mara ngapi, wifi? Wameshasema una ukoma. Wameshasema una ukimwi. Wameshasema nimekuroga. Wamebakiza nini?"

Alilia. Mama mkwe, aliyekuwa anakamua ng'ombe hatua chache kutoka tulipokaa, alinyanyuka na ndoo yake akasema, "Tutakwenda wote." Sijui alitaka kumsindikiza binti yake au kunichunga mimi nisimpandikizie maneno daktari. Tulikwenda wote.

Mtaalamu alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hakuanza na kichwa. Aliomba mikono. Akazielekeza kucha za wifi dirishani, akazigeuza, akaniita mimi nisogee kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu. "Unaona?" Kwenye kucha kulikuwa na vishimo vidogo vidogo vilivyojipanga, kana kwamba mtu amezidonadona kwa ncha ya sindano. Nilikuwa nimempaka wifi rangi ya kucha mara nyingi sana wala sikuwahi kuviona.

Ndipo akafungua kanga. Alitumia kioo cha kukuzia. Alipapasa nyuma ya shingo kutafuta tezi, akasema hazijavimba. Alikwangua ngozi kidogo kwa ukucha, akasema haina magamba. Alichukua kipande cha pamba, akakisokota ncha, akamwambia wifi afumbe macho na aseme kila anapoguswa. Akamgusa kwenye duara, kwenye nyusi, mkononi. Wifi alisema "hapo" kila mara, sauti ikizidi kupanda. Mama mkwe alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa meza.

"Si ukoma," alisema mtaalamu. "Ukoma unaua hisia. Huyu anasikia kila kitu."

Kisha akanionyesha ukingo wa duara kupitia kile kioo. Kulikuwa na nywele fupi chache, za ajabu: juu nene na nyeusi, chini kwenye ngozi nyembamba kama zimetafunwa. Alishika fungu dogo la nywele za pembeni akalivuta taratibu, na kadhaa zikamfuata mkononi bila ubishi. "Hizi ndizo zinazonipa jibu," alisema. "Mapunye hayafanyi hivi. Dawa ya saluni haifanyi hivi."

Nilimwomba arudie sentensi hiyo ya mwisho, na nikamtazama mama mkwe wakati anairudia.

Alituelezea kwamba mwili una askari wake wa kupambana na magonjwa, na kwamba kwa baadhi ya watu askari hao wanakosea, wanakwenda kushambulia mizizi ya nywele kama vile ni adui. Mizizi haifi. Inalala. Ugonjwa huu haumwambukizi mtu, hata mkichangia kitana.

"Yaani kama sungusungu," alisema mama mkwe ghafla, "wamekwenda kumpiga mwenye nyumba wakidhani ni mwizi."

Mtaalamu alicheka. "Hivyo hivyo, mama. Na mara nyingi jambo hili liko kwenye ukoo. Kuna yeyote kwenu aliyewahi kutokewa hivi?"

Nikajibu kwa niaba ya wote kwamba hakuna. Mama mkwe akakohoa.

"Baba yangu," alisema. "Ndevu zilimtoka hapa." Akagusa shavu lake. "Duara. Mimi nilikuwa msichana. Na hapa chini ya kidevu. Baadaye zilirudi, nyeupe kwanza, kisha nyeusi."

Nikamgeukia.

"Mama," nilisema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilijua nini?"

"Ulimwona baba yako na duara, laini, lisilo na kidonda. Ukaja saluni kwangu mbele ya mteja. Ukaenda kwa mganga. Na muda wote huu ulikuwa unajua!"

"Zile zilikuwa ndevu," mama mkwe alisema, na hakuwa anajitetea, alikuwa anaeleza kitu kinachoonekana wazi. "Hizi ni nywele. Na baba hakuweka dawa."

Wifi akaanza kucheka. Alicheka akiwa na kichwa wazi mbele ya daktari, machozi yanamtoka, na mimi sikuweza kucheka naye. Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile damu inanichemka.

Alichomwa sindano ndogo ndogo kwenye maduara, nyingi, na alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete yangu ikaniacha alama. Mtaalamu alisema ukweli ambao hakuna duka lililowahi kutuambia: kwamba nywele zinaweza kurudi zenyewe, au kwa sindano, au zisirudi, na zikirudi zinaweza kutoka tena mahali pengine, naye hana namna ya kujua. Wakati tunatoka akaongeza, kwa wema tu, "Kwa sasa asiweke dawa yoyote ya nywele. Tuiache ngozi ipumzike."

Nilijua palepale. Kabla hatujafika barabarani nilijua. Na kweli, mama mkwe alipofika Dutwa, katika yote aliyosikia chumba kile, kucha na pamba na sungusungu na ndevu za baba yake, alilotangaza ni hili: "Daktari amesema asiweke dawa tena." Majirani wakatikisa vichwa. Si walisema?

Yule mwalimu wa Zagayu alikuja mwenyewe, bila mshenga, kwa baiskeli. Wifi alimfungulia kanga uani, akamwelezea yote kama alivyoelezewa. Aliuliza swali moja tu, kama panauma. Ndoa ilisogezwa mbele ili uvumi upoe, ikafungwa msimu uliofuata. Wakati huo kwenye duara la kwanza zilikuwa zimeota nywele nyepesi, nyeupe kama nyuzi za pamba, na nyusi nilimchora kwa penseli. Alivaa shela refu. Alipendeza sana, na kanisani nilisikia mtu nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake kwamba ndiye huyo, yule aliyeunguzwa.

Nywele zikaja kuwa nyeusi. Baada ya mtoto wake wa kwanza duara jingine likatokea, la kisogoni, likakaa karibu mwaka, likaondoka. Amezoea. Siku hizi ananyoa fupi, na likimtokea anatoka nalo hivyohivyo kwenda kisimani na kanisani. Akiulizwa anajibu kwamba ni la urithi, babu yake alikuwa nalo kwenye ndevu.

Saluni yangu ilidumu misimu michache tu. Ilifunguliwa nyingine ng'ambo ya stendi, yenye vioo vikubwa na redio, na wateja walikuwa na sababu ya kwenda huko bila kunikosea adabu. Nikauza draya, nikaanza kushona. Mama mkwe wangu alikuwa mteja wangu wa kwanza wa kushonewa gauni. Alisimama wima nikimpima mabega, akaniambia nina mkono mzuri kwenye nguo, mkono mzuri kabisa, na kwamba hiyo ndiyo kazi niliyopaswa kuifanya tangu mwanzo. Nilikuwa na pini mdomoni.